Njia panda ya Awasse: Ushindi wa kudumu wa Frelimo na jimbo lililogawanyika

AWASSE si mji. Ni kijiji cha njia panda katika Wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Anayetoka Pemba kwa gari, akishapita Macomia na kuvuka Mto Messalo, hufika hapa na kulazimika kuchagua. Akikata kulia, anateremka baharini hadi Mocímboa da Praia. Akikata kushoto, anapanda uwanda wa juu hadi Mueda, na huko mbele ni Mto Ruvuma na Tanzania.

Dunia ilianza kulisikia jina la Awasse katika habari za vita. Mwaka 2020 wapiganaji walishambulia kituo cha umeme kilichopo hapo, na wilaya za kaskazini mwa jimbo, za mlimani na za pwani, zikaingia gizani. Mwishoni mwa Julai 2021 askari wa Rwanda na wa Msumbiji waliitwaa Awasse baada ya mapigano makali, kabla ya kuingia Mocímboa da Praia tarehe 8 Agosti.

Lakini kwa mfuatiliaji wa siasa, njia panda hii ina maana nyingine. Barabara zake tatu zinaeleza, bora kuliko vitabu vingi, kwa nini chama kimoja kimeshinda Cabo Delgado katika kila uchaguzi mkuu tangu vyama vingi viruhusiwe, na kwa nini ushindi huo haukuliletea jimbo utulivu.

Chama hicho ni Frelimo. Tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa Oktoba 1994 hadi ule wa Oktoba 2024, Wasumbiji wamepiga kura mara saba kuchagua rais na Bunge. Mara zote saba Cabo Delgado imehesabiwa kuwa ya Frelimo.

Barabara ya kusini: Chai

Tuanze na barabara ya kusini. Kabla ya kufika Macomia kuna mahali panapoitwa Chai. Kila mtoto wa shule Msumbiji hufundishwa jina hilo. Tarehe 25 Septemba 1964, kikundi cha wapiganaji wa Frelimo kilishambulia kituo cha utawala wa Wareno pale Chai, na hapo vita vya ukombozi vikatangazwa kuwa vimeanza. Aliyeongoza shambulio hilo ni Alberto Chipande, Mmakonde wa Cabo Delgado, ambaye baadaye alikuwa waziri wa kwanza wa ulinzi wa Msumbiji huru.

Frelimo yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962, kwa kuunganisha vyama vitatu vya Wasumbiji waliokuwa uhamishoni: UDENAMO, MANU na UNAMI. MANU kilikuwa na mizizi miongoni mwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutafuta kazi Tanganyika na Kenya. Wapiganaji walifunzwa katika kambi za Kongwa na Nachingwea, wakavuka mto kurudi kwao. Wasomaji wa Mtwara, Newala na Tandahimba hawahitaji kusimuliwa habari hii. Wazee wao waliwapokea wakimbizi, na wengine ni ndugu wa damu.

Kwa hiyo Frelimo ilipowafikia watu wa kaskazini mwa Cabo Delgado haikuwafikia kwa njia ya kampeni za uchaguzi. Iliwafikia kwa njia ya vita. Katika maeneo yaliyokombolewa ndiyo iliyoendesha shule, zahanati na maduka ya ushirika. Chama kilikuwa serikali miaka mingi kabla ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975. Hili ni jambo la kukumbuka tunapozungumzia kura.

Barabara ya magharibi: Mueda

Barabara ya kushoto inapanda Mueda. Hapo ndipo Wareno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika tarehe 16 Juni 1960. Frelimo imekuwa ikisema waliokufa ni takriban 600. Baadhi ya wanahistoria wametaja idadi ndogo zaidi. Hakuna anayebishana kuhusu uzito wa siku hiyo. Leo ni siku ya kumbukumbu kitaifa, na Mueda ni kama madhabahu ya chama.

Wilaya za Mueda, Muidumbe na Nangade ndizo ngome imara za Frelimo jimboni. Viongozi wengi wa jeshi la ukombozi walitoka huku, na maveterani wa vita hivyo hupokea pensheni ya serikali. Katika vijiji ambako fedha taslimu ni adimu, pensheni ya mzee mmoja hulisha nyumba nzima. Mwaka 2014 mlima ulipata zaidi ya hayo: Filipe Nyusi, mzaliwa wa Namau wilayani Mueda, aliteuliwa na Kamati Kuu ya Frelimo kugombea urais, akashinda na kuongoza nchi kwa mihula miwili. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Cabo Delgado kukalia kiti hicho.

Umuhimu wa ngome hii kwa chama ulionekana waziwazi Desemba 1999. Katika uchaguzi ule Joaquim Chissano wa Frelimo alitangazwa mshindi kwa asilimia 52.3 dhidi ya asilimia 47.7 za Afonso Dhlakama wa Renamo. Tofauti ilikuwa takriban kura 205,000 tu kwa nchi nzima. Renamo iliongoza katika majimbo sita: Sofala, Manica, Tete, Zambézia, Nampula na Niassa. Ukitazama ramani, kaskazini yote ya Mto Save ilikuwa ya upinzani isipokuwa jimbo moja. Jimbo hilo ni Cabo Delgado.

Bila kura za Cabo Delgado, Frelimo ingebaki chama cha kusini. Kwa sababu ya Cabo Delgado iliweza kusema kwamba ni chama cha taifa zima, kutoka Ruvuma hadi Maputo, kama kauli mbiu ya vita vya ukombozi ilivyodai.

Barabara ya mashariki: Mocímboa da Praia

Sasa tukate kulia. Mocímboa da Praia ni mji wa bandari na wavuvi, wa misikiti na majahazi. Wenyeji wake wa pwani ni Wamwani, wanaozungumza Kimwani, lugha ambayo Mswahili wa Kilwa au Lindi huanza kuielewa baada ya siku chache. Pamoja nao wanaishi Wamakua na Wamakonde walioshuka kutoka mlimani kabla na baada ya uhuru.

Pwani haikuwa na uhusiano uleule na chama. Si kwamba watu wa pwani hawakupigania uhuru. Vita vile havikuwa vya kabila moja. Lakini baada ya uhuru Frelimo, iliyojitangaza kuwa chama cha Umarx na Ulenin katika mkutano wake mkuu wa mwaka 1977, iliwaweka kando machifu, ikabana shughuli za dini na kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Kwa jamii iliyojengwa juu ya msikiti, madrasa na ukoo, hayo yaliacha kidonda. Kisha zikaja nafasi za serikali na pensheni za maveterani, ambazo kwa macho ya wapwani wengi zilikwenda zaidi kwa watu wa mlimani.

Vyama vingi viliporuhusiwa, malalamiko hayo yalipata pa kwenda. Renamo, iliyopigana na Frelimo hadi Mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, ilijinadi kuwa mtetezi wa machifu na wa dini. Kwa maneno mengine, katika miaka ya tisini chama kilichozungumza lugha ya kihafidhina kilikuwa cha upinzani. Mocímboa da Praia ikawa uwanja wake.

Mwaka 2003 Frelimo iliuchukua mji huo kwa shida katika uchaguzi wa manispaa. Meya alipofariki, uchaguzi mdogo ulifanyika Mei 2005, na mgombea wa Frelimo akatangazwa mshindi kwa tofauti ndogo. Renamo ilikataa matokeo. Septemba mwaka huohuo wafuasi wake walimwapisha "meya" wao wenyewe. Mapigano yaliyofuata kati ya wafuasi wa vyama viwili yaligeuka kuwa mapigano ya majirani, na kwa kiasi kikubwa ya mlima na pwani. Watu kadhaa waliuawa, nyumba zikachomwa.

Na hayo hayakuwa ya kwanza jimboni. Tarehe 9 Novemba 2000, Renamo ilipoandamana kupinga matokeo ya 1999, mji wa Montepuez ulilipuka: waandamanaji waliuawa na polisi pia waliuawa. Siku chache baadaye mahabusu zaidi ya 70 walikufa kwa kukosa hewa, wakiwa wamerundikwa katika chumba cha polisi. Nchini Msumbiji jina la Montepuez lilitajwa kwa huzuni hiyo kabla halijajulikana duniani kwa rubi zake.

Hesabu inavyofanya kazi

Msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kuuliza: ikiwa pwani ilikuwa na upinzani mkali namna hiyo, mbona sauti yake haikusikika?

Jibu la kwanza liko katika mfumo. Bunge la Msumbiji lina wabunge 250. Hawachaguliwi mmoja mmoja kwa majimbo madogo kama kwetu. Kila mkoa, ambao wao huuita jimbo, ni eneo moja la uchaguzi, na mpigakura huchagua orodha ya chama. Majina na mpangilio wa orodha hiyo huamuliwa na chama. Viti viwili kati ya hivyo 250 ni vya Wasumbiji walio nje, kimoja kwa Afrika na kingine kwa nchi nyingine duniani. Wasumbiji waishio Tanzania hupiga kura katika kundi la kwanza.

Maana yake ni kwamba kura za Mocímboa da Praia huchanganywa katika kapu moja na za Mueda, Muidumbe, Ancuabe na Pemba. Mji hauwezi kujichagulia mbunge wake. Mfumo wa uwiano uliwapa wapinzani viti, hilo ni kweli, lakini viti hivyo vilikuwa vya jimbo zima, na mwenye kiti aliwajibika kwanza kwa waliopanga orodha.

Jibu la pili ni kwamba hadi hivi karibuni ushindi wa jimbo haukumpa mtu yeyote serikali ya jimbo. Magavana waliteuliwa na rais. Hata katika yale majimbo sita ambako Renamo iliongoza mwaka 1999, magavana waliendelea kutoka Maputo. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2018 yaliondoa hilo: anayeongoza orodha iliyoshinda uchaguzi wa baraza la jimbo ndiye huwa gavana. Utaratibu huo ulitumika kwa mara ya kwanza Oktoba 2019, na Frelimo ikashinda majimbo yote kumi. Cabo Delgado ilimpata Valige Tauabo kuwa gavana wake wa kwanza kutokana na kura. Hata hivyo, pembeni ya gavana aliwekwa Katibu wa Serikali wa Jimbo, ambaye huteuliwa na rais. Serikali kuu ilitoa kwa mkono mmoja na kushikilia kwa mwingine.

Jibu la tatu ni kile ambacho Watanzania wamekipa jina la chama dola. Mwalimu, mtendaji wa kijiji, mwenye gari la serikali na kada wa chama mara nyingi ni mtu mmoja, au ni watu wanaokula sahani moja. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya wamelalamikia matumizi ya mali ya umma katika kampeni na uwanja usio sawa. Mwaka 2024 walikwenda mbali zaidi, wakasema waliona kasoro wakati wa kuhesabu na mabadiliko ya matokeo yasiyo na maelezo.

Pamoja na hayo, itakuwa makosa kudhani kwamba kila kura ya Frelimo ni ya kulazimishwa au ya kupikwa. Wapo wengi wanaoichagua kwa imani, hasa mlimani, na wapo wanaoichagua kwa busara ya kale: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwananchi aliyeona vita viwili katika maisha yake anaweza kuona kuwa kubadili utawala ni hatari kuliko kuuvumilia.

Wanamapinduzi waliogeuka wahafidhina

Hapo ndipo penye kejeli ya historia. Frelimo iliacha Umarx katika mkutano wake mkuu wa mwaka 1989. Ikakubali soko huria, ikapatana na machifu na viongozi wa dini. Haijitaji kuwa chama cha kihafidhina, wala haiko katika kundi hilo kimataifa. Lakini kwa vitendo, katika Cabo Delgado, imekuwa chama cha kuhifadhi: kuhifadhi kumbukumbu za vita vya ukombozi, kuhifadhi nafasi za waliovipigana na watoto wao, kuhifadhi utaratibu uliopo.

Duniani wapo wengine waliotawala jimbo moja kwa muda mrefu namna hiyo. Mfano unaotajwa sana ni wa jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Chama cha CSU, kilichoundwa mwaka 1945, kimeongoza serikali ya jimbo hilo tangu 1946 isipokuwa kipindi kifupi kati ya 1954 na 1957. Ni chama cha kihafidhina kweli, chenye mizizi katika kanisa Katoliki na vijiji vya wakulima. Hakigombei popote nje ya Bavaria, na chama ndugu cha CDU hakigombei ndani yake. Mwaka 2003 CSU kilipata zaidi ya asilimia 60 ya kura.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza, CSU ni chama cha Bavaria kinachokwenda mji mkuu kudai haki za Bavaria. Frelimo ya Cabo Delgado ni tawi la chama kinachoongozwa kutoka Maputo. Kazi yake imekuwa kupeleka kura kusini zaidi ya kurudisha madai kaskazini. Ya pili, wapinzani wa CSU walikuwa na pa kupumulia. Mji mkuu wa Bavaria wenyewe, München, kwa miongo mingi uliongozwa na meya wa chama cha SPD, na jimbo halikuwaka moto. Na CSU kiliposhuka hadi asilimia 43 mwaka 2008, kilitafuta mshirika wa kutawala naye. Mwaka 2018 na 2023 kilipata takriban asilimia 37, nacho kimeendelea kuongoza kwa kugawana madaraka.

Kwa maneno mengine, chama kinaweza kutawala jimbo kwa miaka 70 bila jimbo kupasuka, ikiwa mji unaokikataa unaruhusiwa kukikataa.

Oktoba 2017 na baada yake

Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwaita Al-Shabaab, ingawa si kundi lile la Somalia. Baadaye walijinasibisha na kundi la Dola la Kiislamu. Agosti 2020 waliuteka mji na kuukalia karibu mwaka mzima. Machi 2021 waliishambulia Palma, na mradi mkubwa wa gesi wa TotalEnergies ukasimama. Kufikia mwaka 2022 watu karibu milioni moja walikuwa wameyakimbia makazi yao.

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu chanzo. Wapo wanaotazama mahubiri yenye msimamo mkali yaliyopita katika pwani yetu yote, pamoja na Tanzania na Kenya. Wapo wanaotazama umaskini na ukosefu wa kazi, kufukuzwa kwa wachimbaji wadogo katika machimbo ya rubi, ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya gesi, na biashara ya magendo. Pengine yote yana sehemu yake. Hakuna ushahidi kwamba uchaguzi wa 2005 ndio uliozaa vita vya 2017, na mwandishi huyu hadai hivyo. Wala malalamiko yoyote hayahalalishi kukata watu vichwa.

Lakini jambo moja ni gumu kulikwepa. Vita vilianza katika mji uleule ambao kwa zaidi ya miaka kumi ulikuwa umejaribu kusema jambo kwa sanduku la kura na kuona sauti yake ikimezwa. Walioandikisha vijana hawakuanza na uwanja mtupu. Walikuta watu ambao tayari waliamini kwamba kura haibadilishi kitu.

Uchaguzi wa 2019 ulifanyika risasi zikiendelea kulia, na baadhi ya vituo vya kupigia kura kaskazini mwa jimbo havikufunguliwa. Nyusi alipata asilimia 73 kitaifa, na Frelimo viti 184 kati ya 250. Kwenye karatasi ulikuwa ushindi mkubwa. Chini ya mwaka mmoja baadaye serikali hiyo ilipoteza mji wa Mocímboa da Praia, na ilipouhitaji tena ililazimika kuomba msaada wa Rwanda na wa nchi za SADC, Tanzania ikiwemo.

Chiúre yafungua dirisha

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Kusini mwa jimbo, karibu na mpaka wa Nampula, upo mji wa Chiúre. Mwaka 2018 Renamo iliushinda katika uchaguzi wa manispaa. Oktoba 2023 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Frelimo imeshinda manispaa 64 kati ya 65 nchini, Chiúre ikiwemo. Ni Beira tu iliyosalimika. Upinzani ukaenda Baraza la Katiba, na mwezi uliofuata Baraza likairudishia Renamo miji minne. Chiúre ulikuwa mmoja wao.

Katika jimbo ambalo matokeo ya namna hiyo yaliwahi kumalizwa kwa moto na risasi, mji mmoja ulirudishiwa ushindi wake kwa karatasi za matokeo na uamuzi wa majaji. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba njia hiyo ipo.

Mwaka mmoja baadaye njia hiyo iliziba tena. Tume ilimtangaza Daniel Chapo kuwa mshindi wa urais wa 9 Oktoba 2024 kwa zaidi ya asilimia 70. Venâncio Mondlane, mpinzani wake mkuu, alidai ndiye aliyeshinda. Usiku wa kuamkia 19 Oktoba wakili wake Elvino Dias na Paulo Guambe wa chama cha Podemos waliuawa kwa risasi mjini Maputo. Maandamano yakaenea nchi nzima. Mashirika ya kiraia yalihesabu zaidi ya watu 300 waliouawa. Tarehe 23 Desemba Baraza la Katiba lilithibitisha ushindi wa Chapo, lakini likashusha kura zake hadi asilimia 65.17 na kupandisha za Mondlane hadi 24.19. Viti vya Frelimo vikapungua kutoka 195 vilivyotangazwa na Tume hadi 171. Ikiwa hesabu inaweza kusogea kiasi hicho ndani ya miezi miwili, mwananchi ana haki ya kuuliza ipi ilikuwa sahihi.

Kuna takwimu nyingine inayostahili kutazamwa. Mwaka 1994 karibu asilimia 88 ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2024 hawakufika asilimia 45. Chama kinaendelea kushinda, lakini zaidi ya nusu ya wenye kadi hawaji uwanjani.

Somo la Pemba, ile nyingine

Pwani yetu ina uzoefu wa jambo hili. Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kwa miaka mingi kilikipa CUF kila kiti huku CCM ikiongoza visiwa vyote. Januari 2001 waandamanaji waliuawa, na Wapemba walikimbilia Shimoni, Kenya. Tanzania ikazalisha wakimbizi kwa mara ya kwanza. Ilichukua muafaka baada ya muafaka, hadi kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Utaratibu huo haujawa dawa ya kila ugonjwa, na umeyumba zaidi ya mara moja. Lakini ulitambua jambo la msingi: sehemu ya nchi inayoshindwa kila mara haiwezi kuambiwa isubiri milele.

Cabo Delgado nayo ina Pemba yake, mji mkuu wa jimbo, na ingefaa kujifunza kwa jina lake. Magavana sasa wanatokana na kura. Kinachobaki ni wao kupewa madaraka na fedha za kutosha, manispaa zinazochagua upinzani kuachwa zifanye kazi, na matokeo ya kila kituo kubandikwa na kulindwa hadi mwisho. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji Frelimo ishindwe. Linahitaji tu ikubali kwamba inaweza kushindwa mahali fulani, siku fulani.

Kwa nchi jirani hili si suala la mbali. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma lilifunguliwa mwaka 2010 ili watu na bidhaa vipite. Miaka michache baadaye Mtwara ilianza kupokea watu waliovuka mto kukimbia mapanga. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, wengi walifurahia kwamba jumuiya imepata lugha ya wananchi. Basi lugha hiyo itumike pia kuambiana ukweli kuhusu chaguzi zetu, kwa sababu mpaka ule hauzuii matatizo ya upande mmoja kufika upande wa pili.

Uchaguzi wa manispaa unatarajiwa mwaka 2028, na uchaguzi mkuu 2029. Wakati huo mawakala, masanduku na karatasi za kura zitapita tena Awasse, baadhi zikipanda Mueda na nyingine zikiteremka Mocímboa da Praia. Kituo cha umeme kilipochomwa mwaka 2020, giza halikuchagua ngome ya chama tawala wala ya upinzani. Mlimani na pwani walikaa bila taa kwa sababu waya wao ulikuwa mmoja.